Daftari Lisilo na Pengo

Nakutegeeni, na asiyejua asione haya, akae asikilize. Bibi mmoja ana wajukuu kumi na wawili. Karudi kutoka shughulini, kaukuta mtungi wake wa maji umevunjika. Akawaita mmoja mmoja akawauliza: ulikuwa wapi? Kumi na mmoja wakamjibu. Huyu alikuwa chuoni, yule dukani, yule kalala. Mmoja akanyamaza. Bibi hakutaka maneno marefu, akasema, "Basi na huyu naye kalala." Akafunga mlango. Haya, mtungi kavunja nani?

Msijibu upesi. Wengi watasema ni yule aliyenyamaza, na huenda ikawa. Lakini mie nakuulizeni jengine: kwa nini bibi alimjibia?

Bi Salhiya binti Ismail alikuwa mtu wa daftari. Miaka minne alitembea Unguja, kuanzia nyumba za Malindi zinazosikia honi za boti mpaka Chukwani, mkoba wa kitambaa begani, akiingia majumba yenye watoto wadogo. Kila mwezi nyumba sitini. Atampima mtoto uzito, atamsikiliza anasema maneno mangapi, kisha atamuuliza mama: mwezi huu mtoto mmempaka wanja? Mara ngapi? Maana walikuwapo watafiti waliotaka kujua kama huu wanja wa manga, tunaowapaka watoto machoni na kwenye nyusi wasipigwe jicho, una madini ya risasi yanayoingia damuni yakamchelewesha mtoto kusema na kufahamu. Na jambo kama hilo huulizi mara moja ukaondoka. Unamfuata mtoto mmoja mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka, kama mtu anayefuata mstari wa siafu mpaka aone wanakotoka.

Jumanne hiyo Ghanim alimwita afisini, ghorofa ya pili ya nyumba moja kongwe nyuma ya bandari. Ghanim ni kijana aliyesomea hesabu za maradhi. Miwani mizito, ndevu chache, na shati halijawahi kuona pasi.

"Shikamoo, Bi Salhiya."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Hiyo kompyuta unaila wewe au inakula yeye?"

"Yeye ndiye anayeshiba." Akamvutia kiti, akaigeuza kompyuta. Ilikuwa imejaa vijisanduku, safu kwa safu, kama kigae cha msikitini. "Cha kijani, mtoto kapakwa. Cheupe, hakupakwa. Cheusi ni pengo. Mama hakukutwa, au alikutwa asijibu."

"Vyeusi vingi."

"Vya Tabia hivyo. Mapengo mia tatu na kitu." Tabia ni mwenzake Bi Salhiya, yeye akizunguka upande wa shamba. "Sasa hebu nikwambie nilivyofanya. Nikiwatupa watoto wote wenye pengo, nabakiwa na nyumba tulivu tu, zisizo mgonjwa wala safari wala msiba, na dunia si hivyo. Nikilichukua jibu la mwezi uliopita nikalibandika penye pengo, nnadanganya. Kwa hivyo nimeifundisha mashine ikisie. Itazame miezi mingine ya mtoto huyo, itazame na watoto wanaofanana naye, ndipo ijaze. Na haijazi mara moja. Inajaza mara ishirini, kila mara kivyake, nione makisio yanapishana kiasi gani."

"Na hiyo mashine, kukisia imejifunza kwa nani?"

Ghanim akacheka. "Kwako! Wewe huna hata pengo moja. Daftari lako safi kama sahani ya Idi. Tazama nyumba zenye msiba. Kwa Tabia zote nyeusi. Kwako zote nyeupe: hapana, hapana, hapana. Basi mashine imeshika kuwa penye msiba hapana wanja, ikamjazia na Tabia hivyo hivyo."

Bi Salhiya akauvuta mkoba wake mapajani.

"Na jawabu?"

"Limetoka. Waliopakwa na wasiopakwa, sawa sawa. Wanja hauna neno. Ripoti nnaipeleka Alhamisi jioni, na lile tangazo la kuwaonya kina mama halitotoka tena." Alisema hivyo, lakini uso haukufurahi. Kidole chake kikashuka kwenye safu moja. "Isipokuwa huyu ananikera. Nambari mia na kumi na mbili."

Bi Salhiya hakuhitaji kutajiwa jina. Mia na kumi na mbili ni Tahir, mjukuu wake, mtoto wa binti yake Muzna.

"Watoto waliopimwa damu ni wachache, na huyu mmoja wao," Ghanim akaendelea. "Risasi imejaa. Daftari linasema hapakwi, tangu kuzaliwa. Hiyo risasi imepita wapi? Na hayuko peke yake. Kwenye kikapu cha wasiopakwa nnao wengi kama yeye, waliochelewa kusema. Ndio maana vikapu viwili vinalingana. Bi Salhiya, nyumba za msiba ulikuwa ukiwauliza?"

"Nyumba ya msiba haivai wanja, mwanangu. Hata mamako atakwambia."

"Wakubwa hawavai. Na mtoto?"

Boti ya Dar es Salaam ikapiga honi bandarini, ndefu, mpaka vioo vikatetema. Iliponyamaza, Bi Salhiya alikuwa keshatia mkoba begani. "Adhuhuri hiyo inaingia," akasema, akashuka ngazi kwa kushika ukuta.

Sasa nikwambieni lililomshusha ngazi.

Mumewe, Khatib, alifariki Tahir akiwa na miezi mitano. Bi Salhiya akakaa eda miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hana udi, hana wanja, hana uturi. Muzna alihamia kwa mama yake kumliwaza, na mtoto wake mkononi. Muzna ni mwalimu wa skuli. Asubuhi anatoka, mchana anarudi. Na Muzna tangu mwanzo alishasema, "Mama, mwanangu wanja hapana, mpaka huo utafiti wenu useme neno."

Lakini nyumba ilijaa watu. Wanakuja kutoa mkono wa pole, wanamuona mtoto mnene, kidevu kimekunjana. Wengine wanasema mashallah. Wengine wanatazama tu, hawasemi. Bi Salhiya akaogopa. Alikuwa na kikopo cha shaba cha wanja, Khatib alichomletea kutoka Makka, na wanja ule yeye mwenyewe hana ruhusa kuugusa. Basi kila asubuhi Muzna akishatoka, alifunga mlango, akakitoa chini ya mto, akampaka mtoto macho na nyusi, na nukta moja kwenye paji la uso. Akimpaka analia, machozi ya mume. Karibu na saa saba anaufuta kwa mafuta ya nazi kwa kitambaa. Akaona ukishafutwa ni kama haukupakwa.

Miezi ile Tabia ndiye aliyemshikia zamu. Akifika mlangoni, anasoma Fatiha, anaona haya kuuliza habari za wanja kwenye nyumba ya mfiwa, anaondoka. Akaacha miezi minne mitupu. Bi Salhiya alipotoka eda akaikuta. Akachukua kalamu akaandika: hapana, hapana, hapana, hapana. Kuanzia siku hiyo, kila nyumba yenye msiba akawa haiulizi, anaiandikia mwenyewe. Ikawa kama ada. Ukishasema uongo mmoja unautafutia jamaa, usikae peke yake.

Tahir alipofika miaka miwili na nusu hajasema hata "mama". Damu ikapimwa. Pale ukumbini hospitalini, Muzna na karatasi mkononi, aliuliza kwa sauti iliyowageuza watu vichwa: "Nani kampaka mwanangu?"

Bi Salhiya alitazama vigae vya chini.

"Ni Bi Zuleikha huyo," Muzna akasema. "Si ndiye anayemchukua kila Ijumaa? Si ndiye mwenye wanja mpaka masikioni? Au vipi, Mama?"

Bi Zuleikha ni mama wa mumewe Muzna, anakaa Chukwani. Bi Salhiya bado akatazama vigae. Na kimya chake binti yake akakijaza mwenyewe, akasoma: ndiyo. Tangu siku ile Bi Zuleikha hajamshika mjukuu wake. Aliapa, akalia, akatuma watu. Hakufunguliwa.

Basi Jumanne hiyo Bi Salhiya akafika nyumbani Kikwajuni. Muzna yuko kitandani, siku ya tano tangu ajifungue mtoto wa pili, wa kike. Tahir kakaa sakafuni, miaka minne sasa, anapanga vizibo vya soda mstari mmoja ulionyooka. Maneno yake yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ukimwita hageuki.

"Mama," Muzna akasema, na uso una nuru, "Tabia kanipigia simu. Imeshatoka! Wanja hauna neno."

"Tabia mdomo wake hauna kizuizi. Bado ripoti."

"Lakini ndivyo ilivyo, si ndivyo? Basi kumbe mie miaka hii nnahangaika na risasi, na mwanangu kapigwa jicho." Akamtazama Tahir, kisha akamkumbatia kichanga. "Nilimwacha mtupu, Mama. Nyumba imejaa watu na mie nikamwacha mtupu. Kosa langu. Huyu simwachi. Alhamisi siku ya saba, atanyolewa, atapewa jina, watu watajaa tena. Kile kikopo cha marehemu baba kiko wapi?"

"Sijui nilikiweka wapi."

"Kitafute. Kila siku nitampaka, mpaka atembee."

Tahir akaweka kizibo kimoja juu ya mstari wake. Kikalia chak. Akakiondoa. Akakiweka tena. Chak.

Bi Salhiya usiku huo hakulala, na asubuhi hakunywa chai. Akatia mkoba begani akaenda kwenye nyumba alizoziandikia.

Alianza kwa Bi Bashira, pale pale Malindi, mjane wa mpakuzi wa mizigo bandarini. Bi Bashira alikuwa anakaanga maandazi uani.

"Daftari hilo limekuja na leo? Si tulishamaliza mwezi uliopita?"

"Limerudi kuomba radhi. Mwezi ule wa msiba wako sikukuuliza suala langu."

"Ungeniuliza, ungenikuta na akili gani?"

"Mtoto mlimpaka wanja?"

Bi Bashira akaacha mwiko hewani. "Wewe Salhiya, umezaliwa jana? Nyumba imeingia macho mia mbili, wengine siwajui wametoka wapi, nimwache mtoto mtupu kama kuku wa kuchinjwa? Tulimpaka macho, tukampaka paji, tukampaka mpaka nyayo. Kila aliyeingia na wanja wake."

"Siku ngapi?"

"Mpaka nimetoka eda. Mie sipaki, basi ndiyo nikawa nnampaka yeye. Mkono ulikuwa unawasha." Akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Kwani vipi?"

Mtoto mwenyewe alikuwa kwenye kizingiti, anakizungusha kifuniko cha sufuria, anakitazama kinavyozunguka.

"Akiitwa anaitika?" Bi Salhiya akauliza.

"Akitaka."

Nyumba tisa katika zile arubaini na moja alizipita mpaka alasiri. Moja wakasema hawakumbuki. Nane zote zikasema kama Bi Bashira, na maneno yakawa kama yametoka chungu kimoja: nyumba imejaa watu, macho mengi, na mie sipaki, basi nampaka yeye. Kila nyumba aliandika, na kila alipoandika alihisi kama anachimba na jembe linagonga kitu kilekile. Mwezi aliouandika "hapana" ndio mwezi mtoto alipopakwa kuliko miezi yote. Alidhani kaficha nyumba yake moja. Kumbe kaficha arubaini na moja, na mashine ikamfuata ikaficha na za Tabia.

Akampigia Ghanim simu akiwa barabarani. Alimsimulia yote isipokuwa moja.

"Bi Salhiya," kijana akasema taratibu, "bora ungeacha pengo. Pengo nnaliona. Nnaweza kuliuliza kwa nini liko tupu, nikalipimia. Hapana ya uongo siioni. Inakaa na wenzake kama mtu mwema."

"Nisamehe, mwanangu."

"Ripoti ni kesho jioni, zaidi ya hapo wataichukua ilivyo. Lakini wataniambia haya ni maneno ya kina mama, kumbukumbu za miaka. Mtoto aliyepimwa damu, na nyumba yake ikapata msiba, ni mmoja tu. Mia na kumi na mbili. Nani alimpaka yule?"

"Nitakujibu kesho."

"Kwa nini si leo?"

"Kuna anayestahiki kusikia kabla yako."

Jua likiwa linapungua akafika Chukwani. Bi Zuleikha alikuwa mlangoni, ungo mapajani, anachagua mchele. Alimuona, akaendelea kuchagua.

"Leo jua limetokea wapi?" akasema. "Mwenye daftari huyo. Mie sina mtoto hapa wa kupimwa. Nilikuwa naye, mkaninyang'anya."

"Bi Zuleikha, nimekuja kukualika. Kesho siku ya saba."

"Habari za kuzaliwa mjukuu wangu nimeambiwa na muuza samaki." Akatupa kijiwe. "Nani kanialika, Muzna?"

"Mie."

"Nije nitolewe mbele za watu?"

"Ukitolewa, nitatoka na wewe."

Bi Zuleikha aliinua uso. Alimtazama mwenzake kwa muda, kama mtu anayeangalia kisima na kutupa jiwe asikie kina. "Salhiya," akasema, "wewe una kitu unakijua."

Bi Salhiya akageuka, mkoba ukampiga nyongani njia nzima.

Alhamisi nyumba ya Kikwajuni ikajaa. Nywele za kichanga zilinyolewa, jina likatajwa: Maryam. Halua ikapita, kahawa ikapita, wanawake wakajazana chumbani wakimzunguka mzazi, kila mmoja anainama kumtazama mtoto, na macho yalikuwa mengi kweli. Saa saba Ghanim akatuma ujumbe: "Nnasubiri." Saa nane tena: "Bado nnasubiri."

Bi Salhiya alikuwa jikoni anatia kahawa alipomsikia Muzna anamwita.

"Mama! Nimekiona!"

Akaingia chumbani. Kikopo cha shaba kilikuwa mapajani kwa Muzna, kifuniko kimeshafunguliwa, na kijiti kimeshachovywa. Weusi ule uling'aa kwenye ncha kama jicho la panya. Maryam alikuwa kalala mikononi, uso mtupu, mwekundu.

"Kilikuwa chini ya godoro lako, nyuma kabisa," Muzna akasema. "Kimefungwa kwenye kitambaa cha Tahir cha uchanga. Mimi nikidhani kilipotea kitambaa hiki."

Hapo hapo mlango ukasukumwa. Bi Zuleikha akasimama kizingitini, kanga mpya, mikono mitupu. Waliokuwa wanatafuna waliacha.

"Huyu nani kamwalika?" Muzna akauliza. "Umekuja kumpaka na huyu? Umechelewa, nnampaka mwenyewe."

"Mimi mjukuu wangu sikumpaka," Bi Zuleikha akasema. "Nilikwambia mwaka na nusu huu, na nakwambia leo mbele za watu. Hicho ulichoshika wewe, kitambaa hicho, mbona kina weusi?"

Muzna akatazama. Akakikunjua. Kilikuwa na michirizi myeusi, mingi, ya vidole, mmoja juu ya mwengine, na mafuta ya nazi yaliyochacha. Akakipeleka puani. Akakishusha. Kilichofuata ni kitu ambacho Bi Salhiya alikuwa akikiogopa tangu vigae vile vya hospitali: binti yake aliinua macho polepole, akapita uso wa Bi Zuleikha, akapita nyuso za wageni, akafika kwake na asiondoke.

Nje ukumbini Tahir alikuwa anapanga vizibo vyake. Chak. Kimya. Chak.

"Mama," Muzna akasema, na sauti ilikuwa ndogo kuliko ya siku ile. "Nani kampaka mwanangu?"

Bi Salhiya alikwenda mpaka kitandani. Akakitoa kile kijiti mkononi mwa binti yake, akakirudisha kikoponi, akakifunga.

"Mie," akasema. "Kila siku ya eda yangu, ukishatoka kwenda skuli. Mie."